Nyumba Iliyogawanyika na Njia ya Kuiunganisha

Nyumba kubwa hugawanyika kwa sababu tatu, nazo ni mauti, dola na uhitaji. Mauti huigawa kwa mirathi, dola huigawa kwa amri, na uhitaji huigawa kwa kodi ya chumba kimoja kimoja. Na ukuta wa mbao au wa matofali ambao mgeni huuona aingiapo ukumbini aghalabu ni wa mwisho kusimama, baada ya haki za watu kuwa zimekwisha kukatwa vipande katika hati na katika nyoyo. Kwa hiyo mtu atakaye kuirudisha nyumba ya kale iliyogawanywa iwe tena makao ya jamaa moja, akaanza kwa nyundo, ameanza mwisho wa kazi. Mwanzo wake ni kujua nani ana fungu gani, kwa haki gani, na ataridhishwa vipi. Hilo ndilo neno la sura hii, na yote yatakayosemwa humu, ya sheria na ya chokaa, yanalitegemea.

Huenda msomaji wa Ngara au wa Biharamulo akauliza habari hizi zinamhusu nini. Wazee wa Keza, kwetu Ngara, na wa vilima vya jirani walikaa katika nyumba za msonge zilizoezekwa nyasi toka kileleni mpaka karibu na ardhi, ambazo vyumba vyake vilitengwa kwa matete na mikeka. Na kizuizi cha namna hiyo huwekwa asubuhi kikaondolewa jioni bila kadhi wala hakimu. Jengo la kale la mawe tulilolizoea kwa macho ni boma la Wajerumani pale Biharamulo, nalo, kwa kuwa lilijengwa na dola na likabaki milki ya dola, halikupata tabu kubwa kupewa maisha mapya ya kupokea wageni, maana mwenye kauli juu yake alikuwa mmoja. Lakini zama zimebadilika hata kwetu: baba amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, ya vyumba sita au saba, amekufa, na watoto wake wanaanza kuhesabu vyumba. Mambo hayo yaliyo machanga kwetu, pwani ni mambo ya karne nyingi, na ni busara mtu ajifunze kwa aliyetangulia. Basi na tuteremke pwani.

Mji Mkongwe wa Unguja una majengo yapatayo 1,700, na mengi yake yalisimamishwa katika karne ya 19, tangu Seyyid Said bin Sultan alipouhamishia utawala wake huko kutoka Maskati, na biashara ya karafuu, ya pembe na ya watumwa ikautajirisha mji kwa mali ambayo sehemu yake si haba ilitokana na dhuluma. Nyumba ya tajiri wa Kiarabu ilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta zake zikiwa nene kupita nusu mita, ikauzunguka ua wa ndani uliokuwa wazi kwa mbingu, ili upepo ushuke na joto lipande. Chini zilikuwako bohari na mahali pa kupokelea wageni wa biashara; juu walikaa wenyewe, na wanawake wakapata faragha yao mbali na macho ya njiani. Dari na sakafu zilibebwa na boriti za mikoko, zilizoletwa kwa majahazi kutoka delta ya Rufiji na visiwa vya Lamu, na boriti hizo ndizo zilizoamuru umbo la vyumba: kwa sababu boriti haivuki salama zaidi ya mita tatu hivi, vyumba vikawa vyembamba na virefu, hata mjenzi alipokuwa na mali ya kujenga atakavyo. Nyumba za wafanyabiashara wa Kihindi zilikuwa na taratibu nyingine, duka likielekea njia na jamaa wakikaa nyuma na juu yake, lakini nazo zilikuwa na asili ile ile: ngazi, kisima na paa vilikuwa vya watu waliokula pamoja.

Mgawanyo wa kwanza uliletwa na mauti. Tuchukue mfano wa mtu aliyefariki akaacha mjane mmoja, watoto wa kiume wawili na binti mmoja, na mali yake yote ni nyumba. Sheria ya mirathi ya Kiislamu humpa mjane thumuni, kwa kuwa marehemu ana watoto, na saba katika nane iliyosalia hugawanywa baina ya watoto, mwanamume akapata mara mbili ya mwanamke. Nyumba ikifanywa mafungu 40, mjane ana 5, kila mtoto wa kiume ana 14, na binti ana 7. Hesabu hiyo ni safi na kila mwenye haki amepewa haki yake. Lakini ngazi haigawanyiki mafungu 14, wala kisima hakigawanyiki 7. Maadamu ndugu wanapendana, nyumba hukaa katika ushirika na fungu la mtu hubaki katika karatasi. Akifa mmoja wao, mafungu yake 14 hugawanywa tena kwa mjane wake na kwa wanawe. Na hivyo hivyo hata, baada ya vizazi vitatu, nyumba moja ina warithi makumi kwa makumi, wengine Dar es Salaam, wengine Maskati, wengine London, ambao hawajuani kwa sura, na ambao hakuna mmoja kati yao awezaye kutoa amri paa lizibwe. Hapo ndipo mlango wa pili unapotobolewa upande wa uchochoro, na hapo ndipo ukumbi unapokatwa kati.

Mgawanyo wa pili uliletwa na dola. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, nyumba nyingi za waliokimbia, na za wengine waliokuwa na zaidi ya moja, zilichukuliwa na serikali mpya, na ndani yake wakawekwa watu waliotoka Ng'ambo, upande wa pili wa mji, na mashamba, ambao kabla ya hapo hawakuwa na mlango wa kupitia katika mitaa ile ila mlango wa watumishi. Mwandishi mwadilifu hawezi kulitaja jambo hilo kwa majuto matupu, kwa sababu watoto wengi walizaliwa na kusomeshwa katika vyumba hivyo, na dari iliyowafunika ilikuwa haki waliyonyimwa wazee wao. Lakini ni wajibu pia kusema lililotokea kwa jengo lenyewe. Nyumba iliyokuwa na jiko moja na choo kimoja au viwili ikawa na majiko sita na vyoo sita. Kodi ikawa ndogo mno hata haikutosha kununua gunia la chokaa. Na zile sehemu ambazo zamani zilikuwa za wote kwa sababu wote walikuwa jamaa, yaani paa, ngazi, ua na mifereji ya maji ya mvua, sasa zikawa si za yeyote.

Na uhitaji, ugawao nyumba kwa kodi ya chumba kimoja kimoja, huishia pale pale. Atakaye kuyaona maradhi ya nyumba ya namna hiyo asitazame rangi ya kuta za nje. Na aingie chumba cha chini kilicho chini ya choo kilichoongezwa ghorofani, ainue taa. Ataona doa la manjano limeenea darini toka pembeni. Ndani ya doa lipu imevimba na kuachana na jiwe. Na pale boriti inapoingia ukutani, ncha yake imekuwa nyeusi, laini, na ukucha ukibonyezwa unazama. Boriti haikuoza katikati, mahali ambapo kila mtu angeliona. Imeoza ndani ya ukuta, kwa maji yaliyoteremka polepole kwa miaka mingi kutoka katika bomba ambalo mwenye chumba cha juu hana habari nalo na mwenye chumba cha chini hana ruhusa ya kuligusa. Baada ya boriti hufuata ukuta, kwa maana chokaa na udongo ulioshika mawe huoshwa na maji yale yale mpaka jiwe likabaki limekaa juu ya jiwe bila kiungo. Siku jengo linapoanguka, watu husema mvua kubwa imeliangusha. Kweli ni kwamba liliangushwa na ndoo ya maji ya kila siku.

Serikali ya Zanzibar ilitambua hatari hiyo, na mwaka 1985 ikaunda Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Katika miaka hiyo hiyo nyumba nyingi za serikali ziliuzwa kwa watu binafsi. Taasisi ya Aga Khan ya Utamaduni ikashirikiana na Mamlaka katika mpango wa hifadhi uliokamilika mwaka 1994, na mwaka 2000 UNESCO ikauandika mji huo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mfano wa kazi njema wa miaka hiyo ni lile jengo la Mizingani lijulikanalo kama Zahanati ya Zamani, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1887 kwa mali ya tajiri Tharia Topan, likamalizika mwaka 1894 baada ya yeye kufariki, likawa zahanati yenye makao ya watu ghorofani, na baada ya 1964 likachakaa hata likakaribia kuanguka. Lilitengenezwa katika miaka ya 1990, na faida yake iliyo kubwa kuliko roshani zake zilizosimama tena ni mafundi waliorejeshewa elimu ya chokaa na ya useremala wa kale, elimu ambayo saruji ilikuwa imeisukuma kando. Ibra ya upande wa pili ni Beit al-Ajaib, jumba la Seyyid Barghash la mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, nalo likiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha. Jengo lililochelewa kutibiwa huwa na hatari kubwa pale linapoguswa, na fundi asiyeliogopa hafai kuliingia.

Sasa tuje kwa jamaa mwenye azma ya kuirudisha nyumba yake. Kazi ya kwanza ni ya haki, nayo ina njia zake katika sheria za kale. Warithi waweza kupatana kwa takharuji, yaani mmoja au wengi wao watoke katika mirathi kwa kupewa badali waliyoiridhia, na fungu lao lijumuike kwa waliobaki. Mshirika akiliuza fungu lake kwa mtu wa nje, wenziwe wana haki ya shufaa, ya kulichukua fungu hilo kwa bei ile ile, ili mgeni asiingizwe katikati yao pasipo ridhaa. Tena iko hiba, mtu akampa nduguye fungu lake kwa hiari. Lakini kama nyumba ni wakfu, haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi hiba, na anayeikaa ni mpangaji wa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana hata kama babu yake alizaliwa humo. Mtu wa namna hiyo na atafute mapatano ya kukaa muda mrefu, yaandikwe, ndipo atie mali yake. Katika nyumba nyingine wako wapangaji ambao hawana hati, lakini wamekaa miaka 30, wamezikia watu wao toka mlango ule. Hao sheria yaweza kuwapa kidogo; uadilifu huwapa zaidi. Kuwatoa kwa hila, kwa kukata maji au kwa kuacha paa livuje mpaka waondoke wenyewe, ni dhuluma, na jamaa itakayofanya hivyo itajenga makao yake juu ya jambo isiloweza kuwasimulia watoto wake. Walipwe, wapewe muda, wasaidiwe kupata pa kukaa. Na gharama hiyo ihesabiwe katika gharama za nyumba pamoja na boriti na misumari.

Kazi ya pili ni kuzisoma kuta. Ukuta wa asili ni mnene, ni wa matumbawe, na aghalabu umesimama juu ya ukuta mwenzake wa ghorofa ya chini, toka msingi mpaka paa; una vidaka vyake na madirisha yake kwa mpango unaoeleweka. Ukuta wa mgawanyo ni mwembamba, ni wa matofali ya saruji au wa mbao, na mara nyingi hujifichua wenyewe kwa kukata kidaka kati, au kwa kuishia katikati ya dirisha, au kwa kusimama juu ya sakafu mahali ambapo chini yake hakuna kitu ila boriti. Huo wa mwisho ndio wa kuhadhari nao zaidi. Mtu hudhani kwamba, kwa kuwa haukuwako tangu asili, waweza kuvunjwa siku yoyote. Kumbe katika miaka yote hiyo boriti za juu zimepinda kidogo kidogo mpaka zikaulalia, na kizuizi kilichojengwa kutenga jamaa mbili kimegeuka kuwa nguzo ya dari. Kwa hiyo fundi stadi hupima kwanza kwa timazi na kwa uzi, akategemeza dari kwa nguzo za muda, akaanza kuvunja toka ghorofa ya juu kuja chini, na katika kila ukuta akaondoa safu chache, akangoja, akatazama kama lipu ya jirani imepasuka.

Kazi ya tatu ni maji, nayo itangulie urembo wowote. Vyoo na majiko yaliyozidi yaondolewe, na vile vitakavyobaki viwekwe kimoja juu ya kingine upande mmoja wa nyumba, bomba zipite mahali zinapoonekana, ili kuvuja kwake kujulikane siku ile ile. Paa na mifereji vizibwe kabla ya kununuliwa hata debe moja la rangi. Ndipo zibadilishwe boriti zilizooza, na kila ncha mpya iachiwe nafasi ya hewa ndani ya tundu lake, isizibwe kwa zege.

Kazi ya nne ni chokaa. Matumbawe huchomwa katika tanuu kwa magogo, chokaa ikazimuliwa kwa maji, ikaachwa ikomae kwa majuma mengi kabla ya kuchanganywa na mchanga. Na haraka ya zama zetu haiipendi subira hiyo, ndiyo sababu watu hukimbilia saruji. Lakini ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu wa ardhi na chumvi ya bahari, na shurti uutoe; ukipigwa lipu ya chokaa huutoa nje polepole, kama mtungi wa udongo unavyotoka jasho, na ukipigwa saruji hufungiwa maji yake ndani, chumvi ikakusanyika nyuma ya lipu, na baada ya miaka michache lipu ikadondoka pamoja na uso wa jiwe. Wengi wameziua nyumba zao kwa saruji huku wakiamini wanazitia nguvu. Mlango wa kuchongwa nao, ukiwa na mfaa wake wa katikati na njumu zake za shaba, usikwanguliwe kwa dawa kali ili ung'ae. Usafishwe, upakwe mafuta, na pale ulipoliwa upachikwe ubao wa namna yake.

Nyumba ikishaunganishwa, huja swali ambalo mafundi hawawezi kulijibu: jamaa moja ni nani? Hapa Lamu yatufundisha. Katika nyumba za mawe za mji huo, ambazo nyingi ni za karne ya 18, ilikuwa ada mzee kumpa binti yake makao akiolewa. Akamwongezea ghorofa, au akajenga nyumba ubavuni, au akavuka njia kwa wikio, chumba kilichojengwa juu ya uchochoro kikishikana na kuta za pande zote mbili. Na milango ya ndani ikaachwa ili wanawake wapitiane bila kutoka barabarani. Nyumba iliweza kukua kwa arusi na kurudi nyuma kwa mauti, na katika hali zote mbili damu ilipita toka chumba hata chumba. Tofauti ya mgawanyo huo na ule wa uchochoro wa Unguja ni mlango: katika Lamu walipogawa waliacha njia. Kwa hiyo atakayeirudisha nyumba asidhani lazima ajaze kila chumba kwa mke mmoja na watoto wanne. Bibi akae chini karibu na ua, kaka na watu wake ghorofa ya kwanza, dada juu. Jiko la wote liwe moja, na daftari la gharama liwe moja, likiwa na fungu la kila mwezi kwa ajili ya paa. Nyumba ya watu watatu wenye hesabu moja ni nyumba moja kuliko ya mtu mmoja asiye na habari nayo.

Nasema hivyo kwa sababu nyumba nyingi za kale, Unguja na Lamu, zimeunganishwa kweli, vizuizi vikavunjwa, chokaa ikapigwa kwa ustadi, nazo zimekuwa hoteli, au makao ya likizo ya wageni wanaofika majuma machache kwa mwaka. Kazi hiyo imeokoa majengo, na waliofanya vizuri wanastahili shukrani. Lakini mji hauwi mji kwa kuta pekee. Mtaa ambao baraza zake hazikaliwi na wazee, ambao msikiti wake hauna safu alfajiri, na ambao mtoto hatumwi dukani, umehifadhiwa umbo lake na kunyimwa uhai wake. Jamaa inayorudi kukaa katika nyumba yake, hata ikiwa na kipato kidogo na ikitengeneza chumba kimoja kwa mwaka, hufanya hifadhi ambayo hakuna mpango wala taasisi iwezayo kuifanya badala yake.

Na sisi wa bara, ambao nyumba zetu za matofali zinaingia sasa katika kizazi cha pili, tunayo fursa ambayo watu wa pwani hawakuipata. Mwenye nyumba aliye hai na aandike, mbele ya mashahidi na mbele ya wanawe wote, wa kiume na wa kike, nyumba itakaliwa na nani, atakayetoka atalipwa nini na kwa muda gani, na paa litatengenezwa kwa fedha za nani. Asiache wasia wa maneno kwa mtoto mmoja aliyekuwa karibu na kitanda. Kama yataka kugawanywa, igawanywe kwa mapatano na mlango uachwe. Na kama imekwisha kugawanywa kwa ugomvi, warithi wakutane kwanza juu ya karatasi, wamalize kudaiana, wasameheane kwa lililobaki, kisha wamwite fundi. Atakapofika, awakute wenye nyumba wana kauli moja, naye atajua la kuvunja na la kuacha.